MALI INAYOHAMISHIKA NA MASHARTI YA KUIKODISHA
(Mazungumzo kwa wananchi)



Mali ni ya namna mbili. Ipo isiyohamishika, nayo ni ardhi na kila kilichoshikamana nayo, kama vile nyumba, kisima na mkarafuu. Ipo inayohamishika, nayo ni kila kitu kinachoweza kuchukuliwa kutoka pahala hadi pahala bila ya kuharibika: charahani, baiskeli, dau, mashine ya boti, masufuria ya karamu, ng'ombe. Karafuu zikiwa mtini hufuata mti wake. Zikishachumwa na kuanikwa juu ya jamvi huingia katika namna hii ya pili.

Tofauti hii haiwahusu wanasheria peke yao. Nyumba haiondoki ilipo, na majirani huijua ni ya nani. Charahani hupita mikono mingi, na aliyenayo ndiye anayedhaniwa kuwa mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Maana ya kukodisha

Kukodisha ni kuuza manufaa ya kitu kwa muda unaojulikana na kwa malipo yanayojulikana, hali kitu chenyewe kinabaki kuwa mali ya mwenyewe. Ndiyo ijara waliyoifafanua wanavyuoni wa fiqhi. Kwa hiyo hakikodishwi kitu kinachomalizika kwa kutumiwa. Mchele wa kupikwa haukodishwi. Huo ama umeuzwa ama umekopeshwa. Vile vile, kukodi si kununua kwa mafungu. Mkodi aliyelipa kwa miaka mitatu, hata kama jumla ya malipo imepita bei ya kitu, hakimiliki kitu hicho isipokuwa pande mbili zilikubaliana hivyo.

Wajibu wa kila upande

Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, ambayo asili yake ni Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inagawa wajibu huo kwa uadilifu. Mwenye mali anatakiwa kueleza kasoro za kitu chake. Akiwa amekikodisha kwa malipo, huwajibika kwa madhara yatokanayo na kasoro hizo hata kama hakuzijua.

Mkodi naye anatakiwa kukitunza kitu kama mtu mwenye busara anavyotunza mali yake, kukitumia kwa kazi iliyokubaliwa tu, na kukirejesha muda unapokwisha bila ya kungoja kudaiwa. Kikiharibika pasipo uzembe wake, hatozwi. Lakini akikichelewesha kwa kosa lake, hasara yote itakayotokea tangu siku hiyo ni juu yake.

Mkodi anapofariki

Uchukuliwe mfano wa mvuvi aliyekodi mashine ya boti kwa mwaka mmoja kutoka kwa mjane anayelea mayatima. Baada ya miezi mitano mvuvi huyo anafariki. Warithi wanaikuta mashine nyuma ya dau la marehemu, nao kwa nia safi wanaihesabu katika mirathi. Mjane anakuja kuidai, lakini hana karatasi, na mtu pekee aliyeyajua makubaliano yao ameshazikwa.

Katika mfano huu hakuna mwizi, lakini upo uwezekano wa mayatima kupoteza riziki yao. Hukumu yenyewe haina utata: mali ya mtu mwingine hutengwa kabla ya mirathi kugawiwa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Visiwani, kifo cha mkodi hakivunji ijara. Warithi wanaweza kuutumia muda uliobaki kwa kulipa kodi yake. Mashine yenyewe hairithiwi. Kinachokosekana ni ushahidi.

Yanayopaswa kuandikwa

Mkataba hauhitaji maneno mengi. Yatosha kuandika majina ya pande zote mbili, aina ya kitu, rangi yake na nambari iliyochapwa juu yake, hali yake siku ya kukabidhiwa, tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kiasi cha kodi na siku ya kulipwa, kazi kilichokodiwa, na nani atakayegharamia matengenezo. Mashahidi wawili watie saini, na kila upande ubaki na nakala yake. Kila malipo yapewe stakabadhi.

Wapo wanaoona haya kuandikiana na ndugu au jirani, wakidhani kuwa kalamu ni dalili ya kutoaminiana. Wakumbuke kwamba aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur-ani, inahusu kuandika madeni na kuyashuhudisha, nayo inawahutubia waumini. Wazee nao walikwisha kusema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

Wananchi wote wanaokodisha au kukodi vyombo wanahimizwa kuandikiana mapema, wakati pande zote mbili zingali hai na zinapatana.