Miche Iliyo Hai



Nimepewa sharafu ya kunena nanyi, vijana mnaohitimu leo katika elimu ya viumbe na mazingira, kabla hamjatawanyika kwenda kufundisha na kutafiti, nami nimeona vema ninene juu ya mikoko ya pwani yetu, ambayo wazee wetu waliikata boriti za kuezekea nyumba za Lamu na Unguja, na kuzipakia majahazini hata Arabuni, na ambayo sisi leo twaipanda kwa shangwe, kisha aghalabu twaiacha ife.

Hufa kwa uhaba wa maarifa. Mikoko ni ya aina nyingi, na kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele ukiikabili bahari, mkoko wenyewe huufuata, na mkandaa hupenda nchi ya juu zaidi. Basi mwenye kuokota miche ya mkoko, ambayo ni rahisi kupatikana kwa kuwa mbegu yake huchipua ingali mtini, akaichomeka mahali pa mlilana, ameizika. Shikeni jani la mchu, aina nyingine ya mikoko, mlilambe: mtaonja chumvi ambayo mti umeitoa nje, ilhali mkoko jirani yake huizuia chumvi iliyo nyingi huko huko mizizini. Watazameni na kaa, wavutao majani mashimoni mwao wakalipenyezea tope hewa. Na chini zaidi, hewa isikofika, mabaki ya mizizi huoza polepole mno, ndipo tope likahifadhi kaboni kwa karne nyingi.

Ilimu hiyo ina tija. Kusini mwa Mombasa, wenyeji wa Gazi na Makongeni tangu 2013 huuza hati za kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za msitu wao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na fedha hizo huwapatia maji na vifaa vya skuli. Lakini kabla ya biashara hiyo walitangulia watafiti, waliokaa miaka mingi matopeni wakipima miti.

Nawasihi, basi, msiridhike na hesabu ya miche iliyopandwa siku ya sherehe. Rudini baada ya miaka mitatu mhesabu iliyo hai, muiandike hata ikiwa michache; waulizeni wakata boriti na wavuvi wa kaa kabla hamjachagua mahali; na wanafunzi wenu wapelekeni pwani maji yakupwapo, wasome wakiwa ndani ya tope.