Tupime kwanza, kiisha tufunge

(Maneno kwenye mkutano wa memba, Baraka)



Wengi munauliza: «Kusine mpya ziko, juu ya nini motere ya kinu haijafungwa?» Muko na haki. Wamama wanabeba muhogo mbali. Lakini mara ya kwanza tulifunga bila kupima, na motere ikakwama kisha siku kumi na moja. Mimi ndiye nilisema tuharakishe. Kosa lile ni langu.

Kati ya kusine na vilbreke lazima ibaki nafasi ndogo ya uile. Ikikosa, chuma kinasugua chuma. Ikizidi, uile inakimbia, presha inashuka, motere inaanza kugonga.

Hii mara tulipima mbele ya komite. Tulipanguza uile yote, tukalaza kauzi ka plastiki juu ya vilbreke, tukakaza kofia ya bieli kwa ufunguo wa kupima nguvu, bila kuzungusha kitu. Kiisha tukafungua, tukalinganisha upana wa uzi na karatasi yake: uzi ukipanuka sana, nafasi ni ndogo.

Kitabu cha motere kinaomba milimita 0,04 mpaka 0,08. Bieli tatu ziko sawa. Ya ine iko 0,15: vilbreke imelika pale. Basi isagwe milimita 0,25, na tununue kusine za saizi hiyo.

Hizi za sasa fundi wa duka amekubali kuzirudisha. Muchango unaobaki tuujadili leo, kila mutu aseme. Tafazali, mutuvumilie tena kidogo.