Kalasi ya Kiingereza: tuliyokubaliana na watoto
(Maneno ya walimu wa kalasi ya mchana mbele ya mkutano wa wanachama, Fizi)



Komite imetuomba tueleze kazi ya kalasi ya Kiingereza ya mchana, ile mnayoilipia chaki, kaye na posho ya walimu. Tutasema na pale tulipokosea, kwa sababu pesa ni yenu na watoto ni wetu sote.

Kalasi ni ya watoto wa mwaka wa 7 na wa 8. Sheria ya 2014 inaihesabu miaka hiyo miwili ndani ya elimu ya msingi, lakini mtoto akitoka mwaka wa 6 anaona mwenyewe kwamba ameingia pengine. Kila somo lina mwalimu wake, masomo yote ni kwa Kifaransa, halafu Kiingereza kinakuja juu yake. Na watoto wenyewe hawafanani. Wako ambao hawajawahi kuvuka ziwa. Wako waliotoka Nyarugusu, ambako shule zilifuata programu ya Congo, kwa hiyo Kifaransa wamekionja. Wako waliosoma Uganda, huko Nakivale, wakifundishwa kwa Kiingereza. Hao wa Uganda wanasema Kiingereza kuliko sisi walimu wao. Tunalisema hapa wazi, maana kulificha ndiko kulikotuletea shida.

Mwaka wa kwanza tulikaa jioni moja, sisi walimu peke yetu, tukaandika kanuni kumi na nne kwenye karatasi kubwa. Tuliziandika kwa Kiingereza. Asubuhi tukazibandika ukutani na tukaona kazi imeisha. Nusu ya kalasi hawakuweza kuzisoma! Moja ilisema atakayesikika akiongea Kiswahili alipe franka mia, na asiye nazo avae kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Wazee mnakijua kibao hicho, mlikivaa ninyi wenyewe kwa ajili ya Kifaransa. Sisi pia tulikivaa, na bado tukakirudisha.

Kalasi ikanyamaza. Tulifurahi, tukadhani ni nidhamu. Kumbe watoto walikuwa wanaogopa kufungua mdomo.

Halafu msichana mmoja wa mwaka wa 7 akaacha kuja. Siku ya tatu tukamfuata nyumbani. Mama yake akatuambia, "Anasema hapana, harudi kule. Muulizeni mwenyewe." Msichana akainama, akasema, "Bananichekaka." Tukakumbuka. Tulikuwa tumemwomba asome neno island, akalisoma jinsi lilivyoandikwa, s yake ikasikika, kama mtu aliyezoea kusoma Kiswahili ambacho herufi zake zote zinatamkwa. Kijana mmoja aliyetoka Uganda akacheka, kalasi yote ikamfuata. Na sisi, tuseme ukweli, tulitabasamu. Tuliporudi tukaangalia ile karatasi: kanuni kumi na nne, hakuna hata moja iliyosema juu ya kumcheka mwenzako.

Kijana yule tulitaka kumpa adhabu. Lakini wiki ileile mmoja wetu alifundisha neno vegetable, akalimalizia kama table ya meza. Kijana akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, haiko vile." Tukamtoa nje kwa kukosa adabu. Jioni tukafungua kamusi: haki ilikuwa yake. Na tulipouliza shuleni kwake tukasikia kwamba asubuhi, kwenye Kifaransa, ni yeye anayechekwa kila siku. Hajui hata kusoma tarehe iliyoandikwa tabloni. Anaitwa "Muganda", na baba na mama yake ni watu wa hapahapa.

Hapo ndipo tulipoitoa karatasi ukutani. Tuligawa vipande vya karatasi bila majina, tukauliza kwa Kiswahili: kitu gani kinakuzuia kusema Kiingereza hapa? Wengi waliandika kicheko. Wengine waliandika njaa. Mmoja aliandika kwamba mwalimu anauliza na kabla hajafikiri amekwisha kumpa mwingine. Hilo lilitugusa, maana ni kweli, tunakimbiza somo ili tumalize ukurasa.

Tulichokubaliana nao ni vitu vichache, vimeandikwa kwa Kiswahili na chini yake kwa Kiingereza chepesi. Mtu akisoma vibaya, hakuna kucheka, na mwalimu naye hacheki. Ukimsahihisha mwenzako, unasema kwanza kile alichosema vizuri. Mwalimu akiuliza, anahesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumpa mwingine. Mwalimu akikosea, mwanafunzi ana ruhusa ya kunyosha mkono, na mwalimu anasema asante. Hiyo ya mwisho ilitugharimu usingizi, lakini ipo, na imeshatumika mara nyingi kuliko tulivyotaka.

Kiswahili hakikatazwi tena. Kuna dakika za kwanza ambapo unaruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote unayoijua, halafu mwalimu anachora mstari tabloni, na kuanzia hapo tunajaribu Kiingereza. Aliyekwama anasema How do you say, anaongeza neno lake la Kiswahili au la Kibembe, na kazi inaendelea. Franka mia hakuna. Kibao tulikichoma, na watoto ndio walioomba kukichoma.

Juu ya kuchelewa tulibishana sana. Sisi tulitaka mlango ufungwe. Watoto wakatueleza nani anachelewa na kwa nini: ni wasichana wanaouza ndagala sokoni mpaka mchana, na wanaoteka maji. Kuwafungia mlango ni kuwafukuza wale ambao kalasi ilianzishwa kwa ajili yao. Sasa aliyechelewa anaingia bila kubisha, anakaa benchi la karibu na mlango, na jirani yake anamwonyesha tulipofika. Wazazi, hapa tunawaomba ninyi: siku mbili tu kwa wiki, mwachieni saa moja mapema. Hatusemi biashara ya ndagala haina maana, minervali ya mwaka wa 7 inatoka hapo. Bure iliyoanza 2019 kwetu imeishia mwaka wa 6.

Msidhani mambo yamenyooka. Kicheko bado kinatoka, hasa ijumaa. Kazi ya nyumbani tumeiacha, kwa kuwa nyumba nyingi hazina taa, na anayepigiwa kelele kwa kazi asiyoweza kuiona anajifunza uongo tu. Msichana tuliyemsema amerudi. Hasomi kwa sauti bado. Anaandika vizuri, na hatumlazimishi.

Kwa wafadhili tuna neno moja. Vitabu vikubwa vya hadithi za Kiingereza mlivyotuma ni vizuri, lakini ni vigumu kwa mwaka wa 7, na vimebaki kwenye sanduku. Kinachotukwamisha ni kamusi: tunayo moja kwa walimu na wanafunzi wote, na tangu mwanafunzi aruhusiwe kutusahihisha inagombaniwa. Mkipata tatu au nne, hata zilizotumika, itatosha.

Karatasi ya ukutani tutaiandika upya mwezi wa tisa, kabla ya kalasi kuanza, pamoja na watoto watakaoingia. Wazazi mnaalikwa. Itasomwa kwa Kiswahili na kwa Kibembe, na mzazi asiyekubali kitu asikae kimya nyumbani, aje akiseme pale, mbele ya mtoto wake.