MPANGAJI TUMWAHI KABLA VYOMBO HAVIJATOLEWA NJE

(Hotuba ya Kamati ya Ushirika katika Mkutano Mkuu. Tumeinakili hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika.)

Tumekuja na jambo moja tu. Masika iliyopita sote tuliona pale senta godoro, masufuria na madaftari ya watoto yamewekwa nje, na mvua inanyesha. Mama yule alidaiwa kodi ya miezi miwili, kwa sababu mwanawe alikuwa amelazwa. Tulipita, tukasema pole, tukaenda zetu. Baada ya wiki tukachanga nauli ya kumrudisha kwao. Jamani, nauli ile na gari la vyombo zilizidi deni lenyewe! Na watoto wakaacha shule katikati ya muhula.

Wengine watasema, "Sisi wakulima tuna nyumba zetu, ya wapangaji yanatuhusu nini?" Hebu tuhesabu. Mwalimu wa watoto wetu amepanga. Fundi cherehani amepanga. Vijana wetu walio mjini wamepanga, na huko wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Kijana akikosa kibarua, anayepigiwa simu ni nani kama si sisi?

Wala tusimlaumu mwenye nyumba bure. Wapo wazee ambao chumba kile ndicho shamba lao. Naye anakula kodi hiyo.

Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo makubaliano ya maandishi na risiti ndiyo ngao ya mpangaji. Ugomvi ukizuka, lipo Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, halitoi tena hukumu. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo pia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaada wao ni bure.

Tuna mfano wa kuiga. Huko Kurasini, Dar es Salaam, watu wengi walihamishwa ili bandari ipanuliwe. Fidia ya jengo humwendea mwenye jengo. Mpangaji hubaki na mkeka wake. Lakini baadhi yao, wenye nyumba na wapangaji pamoja, walikuwa na vikundi vya akiba. Wakanunua ardhi Chamazi, wakaandikisha ushirika wa nyumba, wakafyatua matofali wenyewe. Asasi iitwayo CCI iliwashika mkono, na mkopo wa nje ukapatikana. Tuangalie mpango wao: akiba ilitangulia, msaada ukafuata. Mfadhili alikuta watu wamekwisha anza.

Basi Kamati tunaomba haya:

1. Mpangaji aliyebanwa aseme mapema, mwezi wa kwanza. Deni la mwezi mmoja linazungumzika. Kunyamaza ndiko kunakomtoa mtu nje.

2. Wazee wawili waende naye kwa mwenye nyumba. Wakikubaliana, iandikwe, na kila upande ubaki na nakala.

3. Tuanzishe Mfuko. Kila mwanachama akatwe bei ya kilo moja katika mauzo ya kila msimu. Fedha alipwe mwenye nyumba mkononi, kwa risiti, si mpangaji. Aliyesaidiwa arejeshe kidogo kidogo. Mjane au mgonjwa asiyeweza kabisa, mkutano ndio utakaomsamehe, si Katibu.

4. Tukishaanza, tubishe hodi kanisani, msikitini na kwa watoto wa kijiji hiki waliofanikiwa. Sadaka yao iongezwe juu ya kilo zetu.

5. Hesabu za Mfuko zibandikwe ukutani hapa kila mwezi. Fedha ya msaada isiyoonekana huzaa maneno.

Ndugu wanachama, kilo moja haimfilisi mtu. Lakini kilo za wanachama wote zingeweza kumbakiza mama yule chumbani, na watoto wake darasani. Hilo limeshatupita. La kesho tunaliweza.

Kura itapigwa mkutano ujao. Mwenye neno, la kukubali au la kupinga, amwone Katibu kabla ya hapo.