Kumchagulia Mtu Mzima Pedi au Nepi Inayomfaa
(Mada iliyotolewa na mwanachama wetu ambaye ni muuguzi, siku ya sherehe ya kutimiza miaka 10)



Awali ya yote nakishukuru kikundi kwa kunipa nafasi hii. Wenzangu wamesema juu ya hisa, mikopo na marejesho. Mimi nimeombwa nizungumze jambo ambalo huwa tunalinong'ona tu: mtu mzima kushindwa kuzuia mkojo. Najua wengine mtainamisha vichwa. Lakini jamani, mficha uchi hazai.

Tatizo hili huwapata wengi. Kuna anayevuja akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo, hasa baada ya kuzaa mara kadhaa. Kuna anayebanwa ghafla asifike chooni. Na kuna mzee au mgonjwa wa kiharusi anayelala kitandani muda wote. Hao watatu hawawezi kuvaa kitu kimoja.

Kabla ya kununua chochote, nendeni hospitali. Mkojo wa mara kwa mara unaweza kuwa kisukari au maambukizi ya njia ya mkojo, na hayo yana tiba. Na mama anayevuja mchana na usiku bila kukoma baada ya uchungu wa muda mrefu huenda ana fistula. Huyo haitaji nepi za maisha, anahitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na ya Bugando Mwanza zimetibu akina mama wengi wa namna hiyo. Mwaka 2009 CCBRT ilianza hata kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa, ili umaskini usiwazuie kufika.

Anayevuja akikohoa afanye pia zoezi: abane misuli kama anayezuia mkojo, ahesabu mpaka 5, alegeze, arudie mara 10. Afanye hivyo mara 3 kwa siku kwa muda wa miezi 3. Halina gharama, hata kwenye mkutano unaweza kulifanya na jirani asijue.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Jiulizeni maswali matatu.

La kwanza: mkojo unaotoka ni mwingi kiasi gani? Kwa matone, pedi yatosha. Lakini pedi ya hedhi si ya mkojo. Damu hutoka polepole, mkojo huja kwa kasi na pedi ile huelemewa. Zipo pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya mkojo. Ulizeni duka la dawa.

La pili: mtu huyo anatembea? Anayetembea na kwenda chooni mwenyewe anafaa nepi ya kuvaa kama chupi. Anayelala kitandani anafaa ile ya kufunga ubavuni, maana unambadilisha bila kumvua nguo zote.

La tatu: saizi gani? Chukueni futikamba ya fundi cherehani, mpime kiuno na nyonga, mfuate kipimo kilicho kikubwa, kisha msome pakiti. Nepi kubwa mno huvujia mapajani, ndogo mno hukata ngozi.

Msinunue katoni nzima siku ya kwanza. Nunueni chache mjaribu. Mimina kikombe cha maji juu yake, subiri kidogo, kandamiza kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kikilowa sana, hiyo itamwachia mgonjwa unyevu mwilini.

Bei nayo tusidanganyane. Tuseme nepi moja ni shilingi 1,500 na mgonjwa anatumia 4 kwa siku. Hiyo ni 6,000 kwa siku, 180,000 kwa mwezi! Ndiyo maana wengi tunatumia vitambaa, na si vibaya. Shoneni tabaka kadhaa za taulo kuukuu, juu yake khanga laini ya pamba. Kitandani tandikeni mpira, juu yake shuka lililokunjwa. Ila nailoni isiguse ngozi. Mkifua, suuzeni sabuni yote itoke, na muanike juani. Kile kinachofichwa uvunguni kikiwa kibichi huleta fangasi. Mnaweza pia kuchanganya: vitambaa mchana, nepi usiku au safarini.

Chochote mtakachochagua, kikaguliwe kila baada ya saa 2 au 3. Kinyesi kikitoka, badilisha palepale. Osha kwa maji, kausha taratibu bila kusugua, paka mafuta kidogo tu. Yakizidi huziba nepi isinyonye. Na msimnyime mgonjwa maji ya kunywa. Mkojo mzito huwasha kibofu na kuongeza kubanwa. Nepi iliyotumika isitupwe chooni, hujaza shimo.

Kina mama, mwanachama akianza kutoroka mikutano huwa tunasema anakimbia marejesho. Pengine anaogopa kunuka mbele yetu. Kwa hiyo naomba kikundi kifikirie mambo matatu: nafasi karibu na mlango kwa anayehitaji kutoka mara kwa mara, bila kuulizwa, sehemu ya mfuko wa jamii imsaidie anayeuguza nyumbani, tukinunua kwa jumla baada ya kila mmoja kujua saizi yake, na mwenzetu akienda hospitali kwa shida hii, mmoja wetu amsindikize.

Miaka 10 tumekopeshana fedha. Sasa tukopeshane na ujasiri.

 Umoja ni nguvu!