Njia ya Misafara: Kutoka Bagamoyo Hata Ujiji

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za njia moja ya kale, tuliyoipenda tangu ujana wetu hata sasa tumeota mvi. Ni njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo pwani, ikapita Mpwapwa, Kilimatinde na Tabora, ikaishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake wapata kilomita 1,200.

Msidhani kwamba njia hiyo ilitandazwa mawe. Ilikuwa njia ya miguu tu, upana wake mtu mmoja nyuma ya mwenziwe. Alitangulia kirongozi, wakafuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mizigo yao mabegani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Na pamoja na pembe walishuka wanadamu waliofungwa minyororo.

Wako watutuulizao, ‘Njia ya msiba mwaihifadhia nini?’ Nasi twawajibu: Ni nani alimaye shamba juu ya kaburi la babaye, ati kwa kuwa kifo chake kilikuwa kichungu? Majina ya Burton na Speke, waliofika Ujiji mwaka wa 1858, yamo vitabuni. Na la Stanley, aliyefika mwaka wa 1871, limo pia. Lakini hao waliikuta njia imekwisha kukanyagwa. Walioikanyaga, majina yao yaliyo mengi hayakuandikwa popote.

Reli ilipofika Tabora mwaka wa 1912, na Kigoma mwaka wa 1914, nyayo zilihama na majani yakaifunika njia. Alama iliyosalia mahali pengi ni miembe mikubwa, penye kambi za zamani.

Sisi tumeifuata njia hiyo kipande kwa kipande, likizo kwa likizo. Hupiga hodi kijijini, tukamwuliza mzee misafara ililala wapi, kisha tukaenda naye. Siku moja tulirudi kwenye mwembe uliotupa kivuli miaka mingi nyuma, tukakuta kisiki na majivu ya tanuri la mkaa. Hatukumlaumu aliyeukata. Alikuwa na watoto wa kulisha, wala hakuna aliyemwambia mti ule ni kitu gani. Kosa lilikuwa letu, tuliojua tukanyamaza.

Mwaka wa 2006 Tanzania iliitaja njia hii katika orodha ya mahali inapotazamia kupaombea heshima ya Urithi wa Dunia. Ni jambo jema. Lakini orodha haiwezi kulinda mti. Wawezao ni wale wakaao karibu nao.

Basi, ndugu zetu, ikiwa kwenu kuna mwembe wa namna hiyo, mwulizeni mzee habari zake leo, mkaziandike, mkawasomee watoto. Na ukianguka kwa uzee, pandeni mwingine pale pale. Kwaherini.