MAUMIVU YA MISULI NA VIUNGO KAZINI SI UVIVU

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara kwa wafanyakazi wa viwandani





Mazungumzo yetu yanahusu maumivu ya mgongo, mabega na mikono yanayowapata wafanyakazi wa viwandani. Aghalabu mwenye maumivu hayo huitwa mvivu, au huambiwa ni uzee. Hali halisi ni kwamba mengi husababishwa na jinsi kazi ilivyopangwa.

Tuchukue mfano wa mpakiaji wa magunia. Akiinama na kulinyanyua gunia lililo mbali na kifua chake, uti wa mgongo huelemewa zaidi kuliko angelikumbatia karibu na mwili. Akigeuza kiwiliwili huku amebeba, huzidisha hatari ya kuumia. Pendekezo Nambari 128 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaka mzigo abebao mwanamme mtu mzima usizidi kilo 55. Gunia la kilo 100 linakaribia mara mbili ya kipimo hicho.

Ama mfungaji wa pakiti, asiyenyanyua kizito chochote, naye hasalimiki. Kukikunja kifundo cha mkono kutwa nzima huweza kuvimbisha sehemu za ndani, na uvimbe huo huubana mshipa wa fahamu unaopita hapo. Dalili yake ni ganzi ya kidole gumba na vidole viwili vinavyokifuata, ambayo humwamsha mtu usiku. Ikipuuzwa, misuli iliyo chini ya gumba huweza kusinyaa na mkono ukapoteza nguvu ya kushika.

Sheria ya Zanzibar ya Usalama na Afya Kazini, Nambari 8 ya mwaka 2005, imemwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake. Kwa hivyo wasimamizi mnaombwa kurekebisha kimo cha meza za kazi, kutoa vigari vya kusukumia mizigo, kuwabadilishia watu kazi katika zamu, na kuruhusu mapumziko mafupi.

Nanyi wafanyakazi, toeni taarifa mapema, na mfikapo kituo cha afya mwelezeni daktari kazi mnayoifanya. Vidonge hutuliza maumivu. Haviondoi sababu yake. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Anayetoa taarifa ya maumivu asihesabiwe mkaidi. Anailinda riziki yake, na anakilinda kiwanda kisipoteze fundi wake.